Njia niliyoisahau Shimanzi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha, ni kazi tu. Leo nimerudi na kisa cha swichi, na nakiri mapema kwamba si kisa cha kunisifu. Nimekificha tangu 2023 kwa sababu ya aibu. Lakini mwezi huu watu wawili tofauti wameniuliza swali lile lile: "Njia tuli ni nini, na mbona mtandao wangu unakwenda lakini haurudi?" Nikaona bora niseme yote, atakayefaidika afaidike.

Kwanza mahali penyewe. Ukiingia kisiwa cha Mombasa kwa Makupa kisha ukashika kulia upande wa bandari, utaingia Shimanzi. Hapa hamna watalii. Kuna matangi ya mafuta, reli, malori yaliyopanga foleni, na magodauni. Mengi ya magodauni hayo yanahifadhi chai. Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na chai inayouzwa hapa haitoki Kenya peke yake. Inatoka pia Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na kwingineko. Inashuka kwa malori, inapimwa, inapangwa kwa loti, inasubiri mnunuzi, kisha inaelekea melini.

Katika godauni moja (jina nitalihifadhi) programu ya stoo niliiandika mimi. Gunia likipanda kwenye mizani, uzito unasafiri kwa mtandao hadi kwenye seva iliyo ofisini ghorofani, na programu inaandika: loti fulani, gunia la ngapi, kilo ngapi, kundi gani la mahamali limelishusha. Hilo la mwisho lishikeni, maana mahamali hulipwa kwa idadi ya magunia, na siku ya malipo ni Jumamosi.

Basi Ijumaa moja mwaka 2023 wakafungua stoo mpya ng'ambo ya barabara, karibu na stoo yao ya pili. Kijana mmoja, fundi wa nyaya wa kujitegemea, alikuwa amepewa kazi ya kuvuta nyaya na kuziunganisha mizani nne. Akafanya. Taa zikawaka kijani. Lakini uzito haukufika kwenye seva hata kilo moja. Jioni meneja akanipigia simu: "Fundi, programu yako imelala."

Mnajua sisi waandishi wa programu. Jibu letu la kwanza ni moja duniani kote: "Programu ni nzima, tatizo ni mtandao." Nikamjibu hivyo hivyo. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa Shimanzi, nimeshiba mahamri na mbaazi, nina uhakika kama kadhi.

Sasa tuingie kwenye somo kidogo. Anayejua aruke, asiyejua asome polepole.

Swichi ya kawaida, ile ya bei rahisi, ni kama kigawanyaji cha waya. Unachomeka, inafanya kazi, haina maswali. Swichi ya kusimamiwa ni nyingine. Unaingia ndani yake kwa nywila, unaigawa katika mitandao midogo (VLAN), na zile za daraja la tatu zinaweza kufanya kazi ya ruta pia: kupokea pakiti kutoka mtandao mmoja na kuipeleka mwingine. Ili ifanye hivyo lazima ijue njia. Mitandao iliyounganishwa nayo moja kwa moja inaijua yenyewe. Mitandao iliyo mbali, haiijui mpaka iambiwe.

Kuna namna mbili za kuiambia. Ya kwanza, ruta zenyewe zinaambiana, kila moja ikitangaza ijulicho. Ya pili, wewe mwenyewe unaandika kwa mkono: "Ukipata pakiti ya mtandao fulani, mpe fulani." Hiyo ya pili ndiyo njia tuli.

Pale godauni mambo yalikuwa hivi. Ofisi ni 192.168.10.0. Swichi kuu ni 192.168.10.1, seva ni 192.168.10.20, ruta ya intaneti ni 192.168.10.254. Ng'ambo ya barabara kuna ruta ndogo inayofikiwa kwa redio za juu ya paa, anwani yake upande wa ofisi ni 192.168.10.2. Nyuma yake kuna stoo ya pili, 192.168.50.0. Na sasa kuna stoo mpya, 192.168.60.0. Ndani ya swichi nilikuta mistari hii miwili ya juu:

ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.10.254
ip route 192.168.50.0 255.255.255.0 192.168.10.2

Mstari wa kwanza ni njia ya jumla: pakiti usiyoijua, itupe kwa ruta ya intaneti. Wa pili unasema: ya stoo ya pili, mpe ruta ya ng'ambo.

Mmeona kinachokosekana? Hakuna mstari wa stoo mpya. Mizani inatuma uzito, ruta ya ng'ambo inaijua ofisi kwa sababu imeungana nayo, pakiti inafika kwenye seva salama salimini. Seva inataka kujibu. Inampa swichi jibu: "Peleka 192.168.60.12." Swichi inatazama orodha yake, haioni 60, inatumia njia ya jumla na kulitupa jibu upande wa intaneti. Huko halifiki popote, maana anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani tangu 1994, na mtandao wa dunia hauzipitishi. Salamu imefika, jibu limepotea, na mizani inaona kama haijajibiwa. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika mitandao, wengi tunaifikiria safari ya tezi na omo, tunasahau ngama.

Nikaandika mstari uliokosekana:

ip route 192.168.60.0 255.255.255.0 192.168.10.2

Nikachukua laptopu ya karani, nikavuka nayo barabara, nikaichomeka kwenye swichi ndogo ya stoo mpya, nikapiga pingi kwa seva. Ikajibu! Nikafungua programu. Ikafunguka! Nikampa karani mkono, na moyoni nikajiambia kwamba hawa watu wa mitandao wanajikuza bure.

Lakini mizani nne zikabaki kimya.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mlione kosa lenyewe lilivyovaa nguo za akili. Nilifikiri hivi: laptopu iko stoo ile ile, kwenye swichi ndogo ile ile, inapita ruta ile ile, na inafanya kazi. Kwa hiyo njia ni nzima. Kilichobaki kati ya mizani na swichi ndogo ni nini? Waya. Waya umevutwa na nani? Na yule kijana.

Nikamwambia meneja, kijana akiwa amesimama pale pale: "Mzee, kwangu kumekwisha. Nyaya zake ndizo mbovu."

Kijana hakunijibu. Alichukua ngazi. Shimanzi saa sita mchana chini ya mabati, anayejua anajua. Alirudia vichwa vya nyaya vyote, upande huu na upande ule, mizani nne. Mimi nilirudi zangu Mji wa Kale.

Saa tisa akaniandikia ujumbe. Bado ninao kwenye simu: "Kaka, mizani nikiipa anwani ya 140 inapata pingi. Nikiirudisha 12 inakataa. Waya ni ule ule." Ndugu msomaji, kijana alikuwa ameniletea jawabu mlangoni, kwenye sinia. Anayejua mitandao angeruka kitini. Mimi nilikuwa nikinywa kahawa barazani. Nikajibu maneno mawili: "Angalia nyaya."

Anwani 140 hakuweza kuiacha, kwa sababu programu yangu ilikubali uzito kutoka anwani nne tu: 11, 12, 13 na 14. Mimi ndiye niliyeandika hivyo, kwa usalama.

Jioni ile malori yalikuwa hayajaisha kushushwa. Karani aliandika magunia kwa kalamu kwenye daftari, na kundi la stoo mpya likadai magunia mengi kuliko yaliyoandikwa. Bila programu hakuna wa kusema nani mkweli. Wakalipwa nusu, nusu waambiwe Jumatatu. Na kijana akaambiwa asirudi. Malipo yake yangezuiliwa mpaka fundi mwingine akague nyaya.

Haya niliyajua usiku, karani aliponipigia. Yeye ni mtu mzima, ninamwita Ami. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, kijana yule ameondoka hapa macho mekundu. Una hakika ni nyaya?"

Nikasema nina hakika. Nikakata simu. Kisha nikausoma tena ule ujumbe wa 140, safari hii kwa utulivu.

Waya mmoja. Mizani moja. Anwani 140 inapita, 12 haipiti. Waya hausomi anwani! Waya hauwezi kuipenda 140 ukaichukia 12. Kitu kimoja kinachobagua anwani ni orodha ya njia. Na laptopu ya karani? Ilipewa anwani yenyewe na ruta, na nilikumbuka ilikuwa 150. Juu ya nusu ya mtandao, yaani juu ya 127, kila kitu kilipita. Chini yake, hakuna. Nikaanza kupata jasho ambalo si la joto.

Jumapili alfajiri nilikuwa mbele ya kabati la mitambo. Badala ya kutazama mistari miwili ya juu, nikaiuliza swichi moja kwa moja:

show ip route 192.168.60.12

Ikajibu kwamba anwani hiyo inatumia njia ya 192.168.60.0/25 kupitia 192.168.10.7. Saba? Saba ni nani? Nikaorodhesha njia zote, na chini kabisa, baada ya mistari mingine mingi, ikawa imekaa imetulia:

ip route 192.168.60.0 255.255.255.128 192.168.10.7

Nikaijua mara moja. Niliiandika mimi, mwaka 2019. Kulikuwa na ukaguzi wa hesabu, wageni wakapewa chumba chao, nikawawekea ruta kuukuu niliyoikuta kwenye droo, nikaipa 192.168.10.7, na nyuma yake nusu ya mtandao wa 60. "Ya wiki mbili tu," nilisema. Wageni wakaondoka, ruta ikarudi drooni, na mstari ukabaki kwenye swichi miaka minne. Mbaya zaidi, karatasi ya anwani aliyopewa yule kijana niliichapisha mimi. Kwenye mstari wa 60 nilikuwa nimeandika: "Haitumiki." Alifuata karatasi yangu.

Sasa kwa nini mstari wa zamani uliushinda mpya? Kwa sababu swichi haiangalii nani alitangulia wala nani alikuja mwisho. Inaangalia nani amesema kwa umahususi zaidi. Mstari wangu mpya, wenye maski ya 255.255.255.0, unazungumzia anwani zote 256 za mtandao wa 60. Ule wa zamani, wenye 255.255.255.128, unazungumzia 128 tu za mwanzo, yaani 0 hadi 127. Kwa anwani 12 yote miwili inahusika, na mahususi hushinda. Kwa 140, ule wa zamani hauhusiki, kwa hiyo mpya unafanya kazi. Ni kama bawabu aliyeambiwa "Mizigo yote mlango wa mbele, lakini ya kilo chini ya kumi mlango wa nyuma." Mlango wa nyuma ukizibwa kwa ukuta, atazidi kupeleka vifurushi ukutani mpaka umwambie vingine.

Na kwa nini swichi haikugundua kwamba 192.168.10.7 imekufa? Kwa sababu njia tuli haiulizi hali. Maadamu VLAN ya ofisi iko hai, swichi inahesabu kwamba kituo hicho kinafikika. Inapiga kelele "Nani mwenye 10.7?", hakuna anayejibu, inaitupa pakiti, na inaendelea kuamini.

Hapo ndipo tofauti na zile ruta zinazoambiana. Mnakumbuka Februari 2012? Meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga palipokatazwa ikaukata mkongo wa TEAMS, ule uliofika hapa mwaka 2009 kutoka Fujairah. Intaneti ilizorota, lakini haikuzimika yote, kwa sababu kulikuwa na mikongo mingine, na ruta kubwa za watoa huduma zinazungumza kwa BGP: njia ikifa, jirani anaondoa tangazo lake, na mwenye njia nyingine anaishika. Fikirini kama watoa huduma wangeandika njia zote hizo kwa mkono. Tungekuwa tunatuma pakiti kwenye waya uliokatwa mpaka mtu aamke.

Sisemi njia tuli ni mbaya. Godauni lenye ruta mbili halihitaji BGP. Njia tuli ni nyepesi, haina siri, inafanya ulichoisema. Ubaya wake ni huo huo: inafanya ulichoisema, hata baada ya wewe mwenyewe kusahau kwamba ulisema.

Nikaifuta:

no ip route 192.168.60.0 255.255.255.128 192.168.10.7

Kabla sijaondoa kidole, mizani ya kwanza ikatokea kwenye skrini. Ya pili. Zote nne. Nikahifadhi kwa copy running-config startup-config, maana usipohifadhi, umeme ukipotea swichi itaamka na mambo yake ya zamani, pamoja na hiyo njia uliyoifuta.

Kazi ya swichi ilikwisha kwa dakika tano. Iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi.

Nilimngoja meneja. Nilikuwa na hadithi nyepesi tayari: "Kulikuwa na hitilafu kwenye swichi, nimeirekebisha." Si uongo kamili. Nani angejua? Kijana mwenyewe asingejua. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ingeishia kwenye malipo ya mtu mwingine.

"Mzee," nikasema, "nyaya za kijana hazina kosa hata moja. Kosa ni langu, la mwaka 2019." Nikamwonyesha mstari na karatasi yangu. Akatazama kwa muda mrefu kwa mtu asiyejua kusoma amri za swichi. Kisha akauliza swali moja: "Na wewe jana ulimwambia mbele yangu?" Nikasema ndiyo. "Basi utamwambia mbele yangu vilevile."

Jumatatu kijana alikuja. Nikamwomba radhi mbele ya meneja, karani na mahamali wawili waliokuwa wakifuata nusu yao. Alilipwa yote, na ile siku ya ngazi nikamlipa mimi kutoka mfukoni. Hesabu ya magunia ya Jumamosi haikupatikana kamili. Karani aligawanya tofauti kati ya pande mbili, na nina hakika kuna mtu aliyepoteza jasho lake pale kwa sababu ya mstari wangu. Hilo sikuweza kulirudisha.

Kijana aliomba kuiona swichi. Akaisoma orodha ya njia kutoka juu mpaka chini, akanigeukia: "Kaka, mbona hazina majina?"

Kumbe unaweza kuipa njia jina, mwishoni mwa mstari! Sikujua. Yeye alijua:

ip route 192.168.60.0 255.255.255.0 192.168.10.2 name STOO-MPYA

Siku ile tulikaa pamoja tukazipitia zote. Tulikuta nyingine tatu zinazoelekea kwa vifaa visivyokuwepo. Sasa kila njia ina jina, na ndani ya mlango wa kabati kuna daftari lenye tarehe, nani aliandika, kwa nini, na itafutwa lini. Hakuna tena neno "ya muda" bila tarehe.

Basi kabla hamjamlaumu aliyevuta waya, ingieni kwenye swichi zenu muandike show ip route static. Kila mstari mjiulize: huyu anayepelekewa bado yupo? Na mtu wa chini akikuletea neno ambalo halilingani na dhana yako, lipime kabla ya kumjibu.

Kijana yule tunafanya kazi pamoja mpaka leo. Kila nikimwita mahali kuna tatizo, kabla hajauliza nauli wala malipo, huuliza: "Kaka, njia zako umeziangalia?"

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.